Kona ya Marehemu

"Kama hiki ni kiwanja chako, basi ile nyumba ni yangu, na leo nahamia."

Aliyesema hivyo ni Mzee wa Mashine, jirani yangu wa ubavuni. Alikuwa amesimama mlangoni mwa mashine yake ya kusaga, unga umemjaa mpaka kwenye kope, na kidole chake kimenyooka moja kwa moja kwenye dirisha la chumba changu cha kulala.

Shemeji yangu hakugeuka hata shingo. Alikuwa anamsimamia fundi wa rangi, aliyepanda ngazi na kuanza kuandika herufi kubwa nyekundu kwenye ukuta wa mashine: KIWANJA HIKI HAKIUZWI.

"Fundi, hiyo K imelala," shemeji akasema.

"Fundi, shuka," Mzee wa Mashine akasema.

"Fundi, endelea. Aliyekuita hapa ni nani?"

"Nipeni amri moja tu," fundi akajibu kule juu, "maana rangi inakauka." Watu wakacheka.

Watu walikuwa tele, maana ilikuwa asubuhi ya kusaga. Akina mama walikuwa kwenye foleni na ndoo zao za nafaka, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kuondoka. Kuna aliyeomba mashine izimwe ili wasikie vizuri. Mimi nilikuwa barazani kwangu nasuka kichwa cha mteja. Nilimwacha nusu, kitana kimesimama kichwani kama bendera, nikatoka mbio.

"Jamani, kuna nini?"

"Muulize Mwenyekiti wako," akanijibu Mama Pacha, mke wa Mzee wa Mashine. "Ndiye amekuja kutugawia urithi na sisi hatujafiwa."

Kwa wewe unayenikuta leo, ngoja nikuweke sawa haraka haraka.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Mtaani walimwita Cheche. Alianguka karakanani mchana, kinyago cha kuchomelea bado kiko usoni, na wenzake wakadhani ameinama kukagua kazi. Hakuacha wasia. Kila nilipomgusia habari hiyo alikuwa ananicheka: "Unanitafutia safari? Kila mtu hapa anajua kipi cha nani."

Na ni kweli, kila mtu alijua. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Wiki iliyopita niliwasimulia kikao cha familia, na jinsi nilivyonyoosha mkono mimi mwenyewe kumpendekeza kaka yake mkubwa awe msimamizi wa mirathi. Nilidhani usimamizi ni kazi ya miguu: kupanga foleni ofisini, kupiga fotokopi, kugongesha mihuri. Nikasema kazi hiyo apewe mwenye viatu vizuri. Wote wakapiga makofi. Huyo ndiye shemeji yangu, ambaye mtaa unamwita Mwenyekiti kwa sababu aliongoza kamati ya mazishi na tangu siku ile hajashuka kwenye kiti.

Sasa turudi kwenye ngazi ya fundi.

Ili uelewe kidole cha Mzee wa Mashine, lazima ujue habari ya viwanja. Yeye na mume wangu walinunua siku moja, kwa muuzaji mmoja. Mume wangu alipata cha kona, mwenzake akapata cha ndani. Walipokuja kuvitazama, Mzee wa Mashine akakuna kichwa.

"Cheche, mimi nataka kuweka mashine. Mashine inataka njia mbili, magunia yaingie huku yatokee kule."

"Mimi nashinda na kelele za chuma kutwa nzima," mume wangu akamjibu. "Nataka pa kulala. Chukua kona."

"Na karatasi?"

"Karatasi tutabadilisha tukipata nafasi."

Wakashikana mikono. Nilikuwepo, nimeshika chupa ya chai. Nafasi yenyewe haikupatikana. Leo huyu ana geti la watu la haraka, kesho yule mkanda wa mashine umekatika. Mashine ikasimama kona, kwenye kiwanja chenye jina la mume wangu. Nyumba yetu ikasimama ndani, kwenye kiwanja chenye jina la Mzee wa Mashine.

Haikuwa siri. Ilikuwa kichekesho cha mtaa. Vumbi la unga likimkera Cheche, alikuwa anafungua dirisha na kupiga kelele, "Nitakufukuza kwenye kiwanja changu," na mwenzake anamjibu, "Toka kwanza kwenye changu." Wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Asubuhi ile kichekesho hicho hakikumchekesha mtu.

"Mwenyekiti," Mzee wa Mashine akasema, "hii kona mdogo wako alinipa, na mimi nikampa ile. Tulibadilishana. Uliza yeyote hapa."

Foleni nzima ikaitikia kama iko harusini.

"Mimi nimeuliza karatasi," shemeji akasema. "Karatasi inasema kona ni ya marehemu, na mimi ndiye msimamizi wa mali ya marehemu. Mnataka niitupe?"

"Na ile nyumba?"

"Nyumba ni ya marehemu. Ameijenga kwa mikono yake, mtaa mzima umemwona."

"Karatasi ya pale ina jina langu."

"Aa, hayo ni mambo ya karatasi tu. Watu wanajua."

Mzee wa Mashine alicheka kicheko kikavu, unga ukamdondoka kwenye nyusi. "Yaani kwako karatasi, kwangu mdomo? Chagua, bwana. Kama ni mdomo, iwe mdomo kote. Kama ni karatasi, iwe karatasi kote, na huyu mama afungashe."

Huyo mama ni mimi.

Miaka yote ile nilikuwa nalala kwenye nyumba ya watu na sikuwahi kuliwaza hilo, kwa sababu aliyenipa usingizi alikuwa hai na rafiki yake alikuwa anacheka.

"Shemeji," nikamwambia Mwenyekiti polepole, "mwambie fundi ashuke. Huyu mzee hana kosa. Ukimtoa yeye kona, anatutoa sisi ndani. Mama yako ninayekaa naye atalala wapi?"

"Shemeji, rudi kwenye nywele zako. Mambo ya mirathi hayasukwi barazani."

Akina mama wa foleni wakaguna. Mimi, ambaye mdomo wangu mtaani unajulikana kuliko mashine yenyewe, nikarudi nyuma hatua moja.

"Mwenzangu," Mama Pacha akaninong'oneza, "mimi na wewe hatuna ugomvi. Ila mshike ndugu yako."

"Ndugu yangu? Nilimzaa mimi?"

"Hukumzaa. Ulimnyooshea mkono."

Nilitamani ardhi inimeze na ndala zangu.

Fundi alimaliza. K ilibaki imelala. Mzee wa Mashine akawasha mashine kwa hasira mpaka kuta zikatetemeka, akatoa kichwa nje na kunipigia kelele juu ya ngurumo: "Mama, nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Maandishi yakiwa bado hapa, mimi nakuja na karatasi yangu."

Nikarudi kumaliza kichwa cha mteja. Upande mmoja alitoka mistari mizuri, upande wa pili ilipinda kama njia ya mlevi. Hakulalamika. Alikuwa ameshasikia vya kutosha kusimulia kwao.

*

Mama mkwe wangu anakaa na mimi, chumba cha nyuma. Mtu asikudanganye kuhusu wakwe. Huyu wangu ni mtu na nusu. Amewazaa wawili tu, Mwenyekiti na Cheche, na tangu Cheche aondoke ameacha kuniita mke wa mwanangu, ananiita mwanangu moja kwa moja.

Nilimkuta kitandani anakunja shuka.

"Nimesikia kelele. Mwanangu mkubwa anataka nini?"

"Anataka kona, mama."

"Ile yenye mashine? Lakini si walibadilishana?"

"Anasema karatasi haijabadilishana."

Akakaa chini, shuka mapajani. "Huyo tangu mdogo ndivyo alivyo. Alikuwa anamaliza sahani yake, kisha anamsaidia mdogo wake kumaliza ya kwake. Nikimfokea ananiambia, mama, namsaidia."

Nilicheka, kisha machozi yakaja nyuma ya kicheko. Tangu msiba ndivyo yanavyonijia, hayabishi hodi.

"Mama, wakitutoa hapa tutakwenda wapi? Kwake?"

"Kwake kuna mke wake. Mimi na yule mwanamke hatuwezi kukaa chini ya bati moja hata mvua ikinyesha mawe." Akanishika mkono. "Mwachie mimi. Mimi ndiye mama yake. Nitazungumza naye."

"Utamwambia nini?"

"Nikifika kwenye la kumwambia nitalijua."

Sikuridhika. Mimi si mtu wa kukaa na kungoja wazee wazungumze. Kesho yake nilifunga saluni, nikavaa gauni la maana, nikaenda mahakamani kumvua shemeji yangu usimamizi.

*

Karani niliyempata alikuwa mwanamke wa rika langu, miwani juu ya nywele, na hizo nywele zilikuwa zinalia kuomba msaada. Nilijizuia nisiseme.

"Nimekuja kubadilisha msimamizi."

"Aliyempendekeza nani?"

"Mimi."

Akashusha miwani machoni kunitazama vizuri. "Sasa?"

"Nilidhani ni kazi ya kupanga foleni, dada."

Hakucheka, na hapo nikaogopa zaidi. "Mama, msimamizi akishathibitishwa, yeye ndiye anayesimama mahali pa marehemu. Anakusanya mali, anagawa, anaweka sahihi. Kumtoa kunawezekana, lakini ulete sababu. Ameuza kitu?"

"Bado."

"Amekupiga? Amekufukuza?"

"Ameandika ukuta wa jirani."

"Huyo jirani ndiye aje alalamike. Marehemu aliacha wasia?"

"Aliacha geti la watu halijaisha."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko cha mtu aliyechoka. Nikamweleza habari ya kubadilishana viwanja, mkono kwa mkono, na chupa yangu ya chai. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa akigonga kalamu mezani.

"Angeandika mstari mmoja tu," akasema. "Kwamba kona si yake na nyumba ni yake. Mstari mmoja na mashahidi wawili, ungekuwa umelala kwako saa hizi."

"Sasa haupo."

"Haupo. Kwa hiyo kwa ofisi hii, marehemu ana kiwanja kimoja, cha kona. Nyumba hana."

Nilimtazama nikidhani amekosea kusema. Nyumba ambayo mume wangu alichomelea kila nondo ya dirisha lake, akaungua kidole gumba kwenye mlango wa jikoni na kutukana ukoo mzima wa chuma. Nyumba hana.

"Hakuna njia kabisa?"

"Njia ipo. Jirani na msimamizi waje hapa pamoja wakiwa wamekubaliana. Kona iende kwa jirani, nyumba irudi kwenye mirathi ya marehemu. Kisha mgawane. Lakini wawe wamepatana. Watu wanaogombana hawabadilishani viwanja."

"Na mimi sahihi yangu haitakiwi?"

"Wewe tutataka kujua tu kama ulihusishwa. Tunauliza: walipokubaliana, mjane alikuwepo? Mashahidi wakisema alikuwepo na hakupinga, tunaendelea. Usipokubali, ni wewe kuja hapa kusema mapema, kabla muhuri haujagongwa."

Nikamshukuru. Nilipofika mlangoni nikashindwa kujizuia, nikarudi.

"Dada, hizo nywele. Njoo kwangu siku moja, nitakutengeneza vizuri."

"Kwako wapi?" akaniuliza. Hakukusudia ubaya, lakini nilitembea na hilo swali mpaka nyumbani.

*

Basi nikajua kazi yangu: kupatanisha. Na hapo, bila kujisifu, nina kipaji. Barazani kwangu nimepatanisha mke na mke mwenza, nimepatanisha mwenye nyumba na mpangaji, nimepatanisha watu ambao mimi mwenyewe ndiye niliyewachonganisha. Mtu akikaa chini yangu nimemshika nywele, haondoki mpaka nimalize, kwa hiyo lazima anisikilize.

Nikamwita Mama Pacha, nikamkalisha kwenye kigoda, nikaanza na kisogo.

"Mumeo anataka nini hasa, mwenzangu?"

"Anataka kusaga. Yule mtu hana ndoto nyingine. Mpe kona yake na karatasi yenye jina lake, umemaliza."

"Na hana haja na nyumba yangu?"

"Aende wapi nayo? Anayo yake. Polepole hapo, unanitoa ngozi."

"Basi aache kutisha watu. Akae na Mwenyekiti chini, waongee kama watu wazima. Mwenyekiti ni mtu wa kupenda heshima. Mwite ndani, mpe kiti chenye mito, mwite mheshimiwa mara mbili, utaona atakavyolainika."

"Mume wangu hawezi kumwita yule mheshimiwa. Atatapika unga."

"Basi mwite wewe."

Tukacheka mpaka kitana kikaanguka. Mwisho wa mistari yote alikuwa amekubali. Aliondoka na kichwa kinang'aa, nikamwona kwa dirisha anamkabili mumewe pale mlangoni mwa mashine, mikono kiunoni. Mzee wa Mashine alitikisa kichwa, akatikisa tena, kisha akaacha kutikisa.

Mwenyekiti nilimwendea mwenyewe kwake. Mke wake alinipa kiti kisicho na mgongo, nikakaa.

"Shemeji, Mzee wa Mashine anataka muongee. Amesema wewe ndiye mkubwa, anakusikiliza."

"Amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake." Nilitia chumvi kidogo, nakiri. Chumvi ndiyo kazi yangu.

"Nilijua atarudi," akasema, akaanza kukunja mkono wa shati. "Na kuhusu nyumba unafikiri atasemaje?"

"Nyumba atairudisha. Anayo karatasi tu, hana haja nayo. Anachotaka ni kona."

Akaacha kukunja shati. Akanitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma bango la mbali.

"Kwa hiyo," akasema, "karatasi ya nyumba anayo yeye. Na akipata kona, hajali hiyo karatasi iende wapi."

"Ndiyo. Iende kwenye mirathi."

"Ndiyo, ndiyo. Kwenye mirathi." Akasimama kunisindikiza. Tangu nimeolewa kwao hajawahi kunisindikiza. Nilirudi nikiwa na furaha kama mjinga, nikijipongeza njia nzima.

Siku mbili tatu baadaye nilitoka nje nikamwona fundi wa rangi tena kwenye ngazi, safari hii na tambara na ndoo, anasugua ukuta wa mashine. Herufi zilikuwa zimeshakuwa doa moja jekundu.

"Wamepatana?" nikamuuliza.

"Mimi naambiwa andika, naandika. Naambiwa futa, nafuta," akasema. "Ila wewe mama, watu wanakusifu. Wanasema ni wewe uliyewaweka chini."

Nilienda kumwambia mama mkwe. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshavaa, kanga ya kutokea mabegani.

"Mama, ukuta umefutwa."

"Nimesikia."

"Hufurahi?"

"Nitafurahi nikishajua wamefuta na nini kingine," akasema. Nikadhani ni uzee.

*

Jumapili mchana nilikuwa namsuka mteja wa mwisho. Mama mkwe hakuwepo chumbani. Nilifikiri ametoka kuota jua, na ukimfuatafuata anakuja juu.

Mama Pacha akatokea upande wa uzio. Nywele nilizomsuka mimi alikuwa amezifunika kwa kitambaa.

"Mama Saluni, unaitwa."

Tangu tufahamiane hajawahi kuniita hivyo. Hilo ni jina la wateja. Kwake mimi ni mwenzangu.

"Naitwa na nani?"

"Na wakubwa. Wamekubaliana."

"Si habari njema hiyo? Mbona umekunja uso?"

Akatazama nyuma yake, kisha akauegemea uzio. "Kona inaandikwa jina la mume wangu."

"Ndivyo tulivyotaka."

"Na kiwanja cha nyumba yako kinaandikwa jina la Mwenyekiti."

"Kama msimamizi. Kwa niaba ya mirathi."

"Hapana." Alisema polepole kama anayemwamsha mgonjwa. "Jina lake mwenyewe. Mume wangu anamuuzia, kwa karatasi. Mirathi haimo. Mwenyekiti amesema hiyo ndiyo bei ya kuachia kona."

Mteja wangu aligeuza shingo yote bila kujali nywele zake ziko mkononi mwangu.

"Na Mzee wa Mashine amekubali?"

"Alikataa mara ya kwanza. Mwenyekiti akamwambia, basi kesho naleta watu wa kung'oa mashine. Mume wangu anataka kusaga, mwenzangu. Amesema karatasi ikishatoka mkononi mwake, si juu yake inaenda kwa nani."

Kwa hiyo ni mimi niliyempa. Mimi kwa mdomo wangu nilikwenda nikakaa kwenye kiti kisicho na mgongo nikamweleza shemeji yangu kwamba nyumba yangu iko mkononi mwa mtu asiyeihitaji. Yeye hakuwahi kuwaza hivyo. Alikuwa anafukuza kona tu.

"Wameshaweka sahihi?"

"Bado. Chakula kiko mezani kwetu, wanakusubiri wewe."

"Mimi wa nini? Mimi si wa kuweka sahihi."

Nilikumbuka swali la karani, mjane alikuwepo? Na mimi ni mtu wa baraza, najua habari inavyojengwa. Nani atauliza kama nilinuna au nilicheka? Watauliza nilikuwepo, na nikala. Mtu aliyekaa, akanawa mikono na kula na watu, hawezi kesho kwenda mahakamani kusema hakuhusishwa. Nimeshawahukumu wengine kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

"Nisipokuja?"

"Watasema ulialikwa ukasusa. Majirani wa upande wa pili wameitwa, wamekaa mlangoni wanaona nani anaingia na nani haingii." Akakaza kitambaa kichwani. "Mimi ndiye niliyesema uitwe. Nilitaka angalau uwatazame usoni."

Nilimwambia mteja anisubiri. Nikajifunga kanga kiunoni, nikapita kwenye uzio mpaka kwao.

Mlango ulikuwa wazi. Kwanza nilimwona Mzee wa Mashine, na sikumtambua, alikuwa ameoga. Tangu nimjue sijawahi kumwona bila unga, na sasa alikuwa mtu mweusi mwembamba, mnyonge, anatazama vidole vyake. Aliponiona aliinamisha kichwa.

Mwenyekiti alikuwa kwenye kiti chenye mito. Kile nilichoshauri mimi.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "tulikuwa tunakungoja wewe. Hakuna jambo linalofanyika kwenye familia hii kwa kificho."

Majirani wawili pale mlangoni wakaitikia kwa vichwa. Meza ilikuwa imejaa: wali unatoa moshi, nyama, bakuli la maji ya kunawa. Pembeni, chini ya glasi ili zisipeperuke, karatasi zenyewe na kalamu.

Nikafungua mdomo niseme yote. Niseme mbele ya majirani, mbele ya karatasi, mtaa mzima usikie, kwamba huyu mtu anamla mdogo wake kaburini. Maneno yalikuwa yameshapanga foleni.

Kisha nikaona nani amekaa katikati yao.

Mama mkwe wangu. Kanga ya kutokea mabegani, mikono imeshanawa, sahani mbele yake. Upande mmoja mwanawe, upande wa pili Mzee wa Mashine. Na ubavuni mwake kiti kitupu.

"Mama?" nikasema. "Wewe unajua wanachoandika hapa?"

"Najua. Nimesomewa."

"Na umekaa?"

Mwenyekiti akatabasamu. "Mama ndiye shahidi wa kwanza, shemeji. Amebariki."

Nilimtazama yule bibi usoni. Nilitafuta dalili, kope, mdomo, chochote. Alinitazama pia, macho makavu, na sikuweza kusoma kitu. Sikujua kama nimeuzwa na mtu wa mwisho niliyebaki naye, au kama ndiyo ile siku aliyosema akifika kwenye la kumwambia mwanawe atalijua.

Akavuta kiti kitupu, akakipangusa kwa upindo wa kanga yake. Akachukua sahani, akaanza kunipakulia.

"Usisimame mlangoni, mwanangu," akasema. "Ingia. Njoo ukae hapa karibu yangu, ule."